Mtoto hasemi, ni homa ya mama njo ilimuharibu?

Kwetu Kadutu, Bukavu, mtoto akifika miaka mitatu bila kusema watu wanatafuta kosa kwa mama. Juzi mu paseli yetu mama mmoja anafua, kijana wake kando yake anapanga vifuniko vya chupa moja nyuma ya ingine, jirani akamwambia ni ile malaria uliugua na mimba njo ilimharibu kichwa. Mama akanyamaza, mikono bado mu povu.

Kusema kweli jirani hakutoa hiyo maneno mu hewa. Ubongo iko na seli zake za kinga, mikroglia, jina zilipewa na Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919. Haziotei mu ubongo, zinatoka kwa mfuko wa kiini, ule uko nje ya mwili wa mtoto tumboni, mimba ikiwa ya wiki chache tu, zinasafiri mpaka kichwani, zikifika zinakula seli zilizokufa na zinapunguza viunganishi kati ya seli za neva vilivyozidi kama vile tunapunguza mahindi yaliyoota kwa kubanana. Panya mwenye mimba ukimchokoza kinga, kama vile homa inafanya, watoto wake wanabadilika tabia. Na Marekani, kisha rubela ya 1964, kati ya watoto walioipata tumboni otizimu, ile hali mtoto anachelewa kusema ao hachangamani na wengine, ilionekana mingi kuliko kawaida.

Lakini kuna panya waliofanywa wakose mikroglia kabisa, na ubongo wao ulijengeka karibu sawa na wa wengine, shida kubwa ya mielini, ile ganda ya mafuta inafunika nyuzi za neva, ikaja nyuma. Wengine wanasema basi hizo seli hazina maana sana. Hapo siwafuate, juu kwa watu, watoto wachache wenye jeni ya CSF1R, ile mikroglia zinahitaji ili ziishi, iliyoharibika pande zote mbili, ya baba na ya mama, walizaliwa na ubongo wenye kasoro kubwa, hata ile daraja ya kuunganisha kushoto na kuume ilikosekana. Panya si mtu.

Kwa hiyo seli ziko na kazi, nakubali. Ila kutoka homa ya mama mpaka mtoto kunyamaza ni safari ndefu, na mu hii mutaa yetu wamama wangapi waliugua malaria na mimba, watoto wao leo wanapiga kelele mpaka usiku? Malaria tunaiogopa kwa yale inajulikana inafanya, damu kupunguka, mtoto kuzaliwa na kilo kidogo, njo maana Fansidar, dawa ya kuzuia malaria ya CPN (kliniki ya wajawazito), na mustikeri (chandarua) si vya kuchezea. Lakini kumuhukumu huyu mama mbele ya watu, hapana, hakuna sayansi ilimpa jirani hiyo ruhusa. Na siku ile yote, mtu hata mmoja hakuuliza kama mtoto alishapimwa masikio.