Kopo la Lita Nne

Mimi ni seremala wa Ndeeba, Kampala. Mama mmoja Mzungu alinipa kazi ya fremu kumi na mbili za mvule, akalipa vizuri, kisha akanitumia kadi: Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, vernissage. Neno likanishinda. Nikampelekea jirani yangu Mkongomani.

"Vernis ni vanishi, kaka," akasema bila hata kuweka kikombe chini. "Vernissage ni kule kupaka. Anakuita kazini."

Sikushangaa, fremu niliziacha na mkono mmoja tu wa vanishi. Nikapanda boda na kopo la lita nne katikati ya mapaja, tapentaini mfukoni, ovaroli mwilini.

Nikakuta watu wamesimama na glasi za mvinyo mbele ya picha. Nikajisemea, wenye pesa huangalia mafundi wakiwa wanakunywa. Wakati nasubiri wapishe, nikaona kigoda cha mlinzi kimepauka pale pembeni. Nikatandika gazeti, nikakipitisha msasa, nikafungua kopo kwa bisibisi, nikakipiga mkono mmoja. Kikang'aa kama sato aliyetoka ziwani! Nikainama kufunga kopo. Kuinua kichwa, mzee wa kanzu nyeupe na koti ameshakikalia.

Vanishi ya mafuta haina haraka, ukipaka jioni unaigusa asubuhi. Mzee alipoinuka, nyuma alikuwa na duara la rangi ya chai.

Nikapiga magoti nyuma yake na kitambaa cha tapentaini. "Pole ssebo, pole sana." Mama naye juu yangu ananisomesha: zamani wachoraji wa Ufaransa walipaka picha zao vanishi siku moja kabla ya maonyesho kufunguliwa, marafiki wakaja kutazama, siku hizi vanishi haipo, limebaki jina na mvinyo. Hata London, mwaka 1832, mchoraji Turner alitumia siku hizo za vanishi kuongeza doa jekundu kwenye bahari yake, aizime picha ya mchoraji mwenzake Constable iliyokuwa jirani.

Turner huyo, nikawaza huku nasugua, angalau alichafua cha kwake.

Usiku jirani alikuwa ananingoja mlangoni. Nikamweleza yote, hadi kanzu.

"Lakini ulipaka?"

"Nilipaka."

"Basi nilitafsiri sawa," akasema, akaingia kulala.