Mwacheni mtu atie maji kwenye wiski yake

Jumamosi tulikuwa kwa jamaa yangu hapa Glasgow, watu kama saba hivi, wengi wa nyumbani, mwenyeji akafungua Lagavulin 16, wiski ya hapa Scotland, akammiminia dogo mmoja ambaye maisha yake yote wiski anaijua ile ya kuchanganya na Coke tu. Dogo akaomba maji kidogo. Weee! Meza nzima ikamrukia, mara unaharibu kitu cha hela nyingi, mara mwanaume hatii maji, piga yote. Akapiga. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akaisukuma glasi, akasema inanuka hospitali, na usiku mzima akabaki na juisi. Iliniuma sana na bado inaniuma.

Maana dogo ndo alikuwa sahihi jamani. Hiyo wiski mnayosema isiguswe na maji, ishatiwa maji kiwandani! Inaingia kwenye pipa ikiwa na kilevi kama asilimia 63 hivi, inakaa humo miaka, ikitoka bado kali, wenyewe wanaishusha kwa maji ndo wanajaza chupa, na hiyo Lagavulin imeshushwa mpaka 43. Wale mabingwa wa kuchanganya wiski, watu wanaolipwa kwa ajili ya pua zao, wakiwa kazini wananusa ikiwa imeshushwa mpaka asilimia 20 hivi, kwa sababu ukali ukizidi pua inakufa ganzi husikii kitu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Sweden walipiga hesabu kwenye kompyuta wakaona maji yakiongezwa, ile kemikali inayobeba harufu ya moshi inapanda juu, karibu na pua yako. Sasa nani anaharibu hapo?

Chukua glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, mimina kidogo, nusa kwa mbali huku mdomo umeuacha wazi kidogo, usiizamishe pua. Onja tone moja. Halafu tia maji nusu kijiko cha chai uangalie kwenye mwanga, utaona nyuzinyuzi zinajizungusha kama mafuta. Subiri dakika moja. Nusa tena. Palipokuwa na spiriti tupu sasa kuna asali, peasi, mkate uliotoka kwenye oveni, na ukiiweka mdomoni izungushe taratibu kama unaitafuna, usiikimbize kooni.

Na kosa kubwa zaidi ni kumwanzishia mgeni wiski ya kisiwa cha Islay, huko inakotoka hiyo Lagavulin. Kule kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa, wanakikausha kwa moshi wa udongo wa kinamasi, ndo hiyo hospitali aliyoisikia dogo, mimi naipenda mno ila ilinichukua miaka miwili kuizoea. Mngempa ya Ireland kwanza! Redbreast 12 kwa mfano, inatoka Midleton kule Cork, kimea kinachanganywa na shayiri mbichi, mambo yaliyoanzia enzi za kodi ya kimea, watu wakawa wanakwepa kodi kwa kutia nafaka isiyooteshwa. Inapikwa mara tatu kwenye mitungi ya shaba, inateleza, ina utamu wa zabibu kavu. Au ya Speyside, eneo lingine la hapa Scotland, Glenfiddich tu ya kawaida inatosha.

Haya, nakubali maji yakizidi inapwaya, na barafu inaficha harufu, ingawa kwa joto la Dar siwezi kumlaumu mtu. Rangi isiwababaishe, Scotch, yaani wiski ya Scotland, inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli. Na ile 16 kwenye chupa ni umri wa iliyo changa kuliko zote humo ndani.

Ila kumcheka mtu mpaka amwage machozi kwa kitu alichoomba kwa adabu, hapana. Nimempigia dogo jana, anakuja kwangu Jumapili. Redbreast ipo nusu chupa, jagi la maji nitaliweka upande wake.