Dozi ya Ujanani kwenye Mwili wa Uzeeni

Shangazi yangu ana miaka 71. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ilimpata akiwa binti wa miaka 28, na dawa ya haloperidoli ndiyo iliyomrudisha kwetu: amelea watoto, amelima, amezika wazazi wake akiwa na akili timamu. Kwa hiyo silaumu dawa. Nalaumu mazoea ya kumpa bibi kizee dozi aliyoandikiwa msichana.

Mwaka jana alinimiminia chai, nikaona mdomo wake hautulii. Anatafuna na hana kitu mdomoni, ulimi unachungulia na kurudi. Majirani walishaanza maneno yao. Kumbe ni dawa: hizi za zamani zikitumika miaka mingi zinaweza kufanya mdomo na ulimi vicheze vyenyewe, na wazee ndio hupatwa zaidi. Miguu nayo anaiburuza. Siku moja akaanguka bafuni. Tunashukuru nyonga ilisalimika.

Nilipofungua daftari lake la kliniki, machozi yalinilenga. Miandiko tofauti, maneno yale yale: aendelee na dawa. Juu yake Artane, ya kupunguza kukakamaa, ambayo mtu wa umri wake inaweza kumletea usahaulifu, choo kigumu na mkojo kugoma. Figo na ini vikichoka, dawa hukaa mwilini muda mrefu, na kidonge kilichomtosha zamani kinamzidi. Katika kurasa zote zile sikuona mahali alipoambiwa asimame, atembee hatua tano, aangaliwe.

Mwanawe alitaka zitupwe zote. Alikuwa na ujumbe wa WhatsApp kwamba Marekani wameonya dawa hizi zinaua wazee. Onyo lipo kweli, lilianza mwaka 2005, lakini linahusu wazee waliochanganyikiwa kwa dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Shangazi ana ugonjwa mwingine, na akikatiziwa ghafla unaweza kumrudia kwa nguvu. Nilimsihi asubiri.

Daktari tuliyempata safari hii alimtembeza ukumbini, akampima presha amelala, kisha amesimama. Akakagua vidonge vyote tulivyobeba, hata vya presha. Akapunguza haloperidoli kidogo tu, turudi baada ya wiki nne, huku tukiangalia usingizi wake.

Shangazi akauliza, “Nikipunguza, nitawasikia tena wale watu?”

Daktari hakumdanganya. “Huenda, mama. Ukiwasikia, njoo siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe.”