Nguo Hailii

Kunguru kaondoka na sabuni yangu. Simsemi mtu kwa mafumbo. Kunguru, ndege, mwenye shingo ya kijivu na macho ya mdai kodi, katua ukingoni mwa beseni leo saa moja na nusu asubuhi, kanitazama, kaitazama sabuni, kanitazama tena, kana kwamba anataka nishuhudie mwenyewe ili baadaye pasiwe na maneno maneno. Halafu huyo! Kipande kizima cha sabuni ya mche, nimekinunua jana usiku kwa Mangi, kanikatia kwa kisu kile kile cha mkate. Sijakifulia hata kola moja.

Nikabaki nimeinama, shati mkononi, povu mpaka kiwiko. Mtu mzima mimi. Nimekuwa mweka hazina wa kamati tatu za harusi na haikupotea hata mia. Leo nimeibiwa na kitu chenye uzito wa andazi.

Naona mnajiandaa kuniuliza baba mzima uwani na beseni anatafuta nini. Shemeji yenu kaenda Muheza. Mdogo wake kajifungua, basi kaenda kumlea mzazi, siku arobaini. Leo ya 19. Mimi uzazi nauheshimu, na nilimsindikiza mwenyewe mpaka stendi nikabeba na begi, ila pale mlangoni mwa basi nikatoa neno ambalo kila nikilikumbuka natamani kulifuata njiani nilirudishe. Nilisema, "Nenda tu mama, kwani mimi mtoto?" Akanitazama. Sasa ndiyo nimekumbuka nimeliona wapi lile jicho la kunguru.

Na msidhani mimi ni mvivu. Zipo kazi za nyumbani nazipenda mpaka naona wivu mtu akizigusa. Kupasi, kwa mfano. Nina pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mdogo pale mbele kwenye kifungio, ya marehemu baba. Naipeleka huku na huku ipate upepo, cheche zinaruka, nanyunyiza maji kwa vidole, mvuke unapanda una harufu ya pamba na moshi, roho inatulia kabisa. Wapangaji wenzangu wanapigania luku, fulani kapasi suruali mbili kaandika moja, mimi wala simo. Umeme ukatike siku tatu, mikunjo ya suruali yangu bado unaweza kukatia nyanya. Ubaya wa kupasi ni mmoja tu, kwamba nguo lazima iwe imefuliwa kwanza. Nimejaribu kuruka hiyo hatua, wiki ya pili hii. Jasho likipata moto linakumbuka kila ulikopita.

Kufagia uwani nako nakupenda. Saa kumi na mbili alfajiri, ufagio wa chelewa, mchanga unabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Nasimama mlangoni nautazama. Unadumu dakika nne, halafu kuku wa Bibi anatoka na watoto wake kumi na moja.

Vyombo sivizungumzii. Kazi gani hiyo, ukiimaliza zawadi yako ni kula, na ukishakula imeanza upya. Kuchagua mchele, jiwe ninaloliona ni lile ninalolitafuna. Chandarua ndiyo kabisa, nachomeka pande zote nne kwa heshima na taadhima, na mbu yumo ndani kakaa ananisubiri nimalize.

Turudi kwa mwizi. Kunguru kapanda na sabuni yangu juu ya mwarobaini, kajikalia kwenye tawi, anaidonoa. Nikasema kwa sauti ya kiungwana kabisa, "We! Lete hapa!" Kwa sauti ile nimewahi kurudisha chenji ya konda. Kunguru akageuza kichwa upande, akaendelea kudonoa. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wahenga hawakupanga chumba Magomeni.

Sasa uwani kwetu hapakosi mtu. Vyumba sita, choo kimoja, na kila mtu ana sababu ya kukaa nje. Dakika haikupita wametoka wote kama nimepiga filimbi. Mama wa chumba cha tatu na kikombe chake cha chai. Watoto, wale wanaoambiwa kila siku wakaoge. Yule kijana wa mafuta ya nywele. Na Bibi mwenye nyumba, kwenye kigoda chake, na kanga mbili, na meno yaliyobaki.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Umefanyaje?"

"Kunguru kachukua sabuni."

"Ulimpa?"

Jamani. Nilimpa? Nikajibu, hapana Bibi, kajichukulia. Bibi akatikisa kichwa kama hakimu aliyesikia utetezi dhaifu. Akasema sabuni huwekwa ndani ya ndoo na kufunikwa na sahani, kila mtu anajua, mtoto wa darasa la pili anajua. Mtoto wa darasa la pili alikuwepo, akasema ndiyo.

Hapo ndipo mzee wa chumba cha mbele akatoka na radio yake. Huyu ni mstaafu, anajua kila kitu cha dunia hii isipokuwa tarehe ya kuchangia hela ya maji. Akatusimamisha wote kutueleza kwamba kunguru hawa si wenyeji. Asili yao Bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kwa kazi maalumu ya kusafisha mji, wale takataka. Baadaye wakavuka, wakaenea pwani nzima, na kunguru wetu wa asili, yule mwenye kizibao cheupe, wakamsukuma mpaka siku hizi kumwona mjini ni kwa nadra.

Nikauliza, "Kwa hiyo huyu aliletwa kufanya usafi?"

"Kazi yake ni usafi."

"Na sabuni anakula?"

"Ina mafuta ile," akasema mzee, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuionja.

Miaka mia na thelathini, ndugu zangu! Kaajiriwa kuzoa taka, katelekeza kituo cha kazi, kavuka bahari, sasa anamnyang'anya vitendea kazi mtu mwingine anayejaribu kufanya usafi ule ule. Hasira zilinipanda mpaka nikasikia masikio yanachemka. Nikavua ndala ya kulia nikamrushia.

Ndala haikumpata. Ilipanda vizuri tu, ikapita pembeni mwa tawi, ikatua juu ya bati. Paa! Kunguru kashtuka, kadondosha sabuni. Watu wakashangilia. Mimi mwenyewe nikanyoosha mkono juu kama nimefunga goli. Sabuni ikaserereka, ikaserereka, ikasimama kwenye bati hatua mbili kutoka ilipo ndala yangu. Kimya.

Nikavua ya kushoto.

Mama wa chumba cha tatu akasema, "Shemeji, usirushe." Sauti ya upole, ya mtu anayekutakia mema. Sikumsikiliza. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi tu, ya kushoto iisukume ya kulia, ya kulia iisukume sabuni, vyote vishuke kwa pamoja. Nikarusha. Sasa juu ya bati kuna sabuni, kuna ndala ya kulia, kuna ndala ya kushoto, zimepangana vizuri kabisa, visigino pamoja, kama kuna mtu kaingia msikitini. Na mimi niko peku kwenye tope la maji ya kufulia, watoto wamelala chini kwa kicheko, kijana wa mafuta ya nywele kashika simu, na namwomba Mungu alikuwa anapokea tu simu.

Ngazi? Mwenye ngazi kasafiri. Upondo wa kuangulia maembe umevunjika tangu msimu uliopita, na mvunjaji nadhani ni mimi. Paa lenyewe Bibi kalikataza lisikanyagwe, bati la zamani, ukipanda unashukia chumbani kwa watu. Kwa hiyo vimebaki huko huko. Mvua ikinyesha hilo paa litatoka povu, litakuwa ndicho kitu pekee kilichofuliwa kikatakata kwenye hii nyumba wiki hii.

Bibi akanionea huruma. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni kidogo kama jino la tembo mchanga, akanipa. Nikashukuru, nikainama, nikaanza. Kumbe sabuni ile ilikuja na masharti, kwamba Bibi anasogeza kigoda karibu.

"Mume wangu," akasema baada ya muda, "mbona nguo hailii?"

Hapo ndipo mniambie ukweli, nyie wenzangu wanaume. Mnaijua hii? Kwamba nguo inatakiwa ilie? Mwanamke akifikicha, kola ikipita kwenye kiganja pale karibu na kifundo, inatoa sauti, nyii, nyii, nyii, na uwani mzima wakiifua wanne wanatoa ngoma kamili. Miaka kumi na sita nimelala usingizi wa Jumamosi kwa sauti hiyo, nikadhani ni ndege. Kumbe ndiyo kipimo! Isipolia, haijatakata. Yangu ilikuwa inasema shwa, shwa, kama mtu anayeburuta kandambili.

"Unaibembeleza," akasema Bibi. "Hiyo nguo haina mimba. Ifikiche."

Nikafikicha. Shwa.

"Kaza kiganja."

Nikakaza. Shwa, shwa.

Mama wa chumba cha tatu akaweka kikombe chini, akaniambia samahani shemeji, akachukua lile shati, akainama bila kupiga magoti, mgongo umenyooka kama meza, akapitisha kola mara moja tu. Nyiii! Mara moja! Akanirudishia, akachukua chai yake. Hata povu halikumfika kwenye bangili.

Nikajaribu mpaka ngozi ya vifundo ikachubuka, na ule mfupa wa kidole cha kati hadi sasa unawaka nikiuchovya kwenye chumvi. Shati kumi na moja, mashuka mawili, taulo ambalo likilowa lina uzito wa mgonjwa. Suuza ya kwanza, maji meupe. Suuza ya pili, maji meupe. Ya tatu, dumu limeisha. Na maji ya bomba mnajua yanavyotoka kwetu, yanakuja usiku wa manane kwa kunyata kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, na mwenye mkokoteni leo kaamua kupumzika. Nikakaa chini kwenye lile tope. Sikuwa nafanya mzaha tena. Nilihesabu: siku arobaini toa kumi na tisa, nikapata ishirini na moja, nikahesabu tena, ikaja ile ile.

Nikaanika hivyo hivyo na povu lake. Yakikauka yanasimama yenyewe, hata hanga hayahitaji.

Mchana shemeji yenu kapiga.

"Umefua mashuka?"

"Nimefua."

"Sabuni iliyobaki umeiweka wapi?"

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Ya bati."

Kimya. Nikasikia kitoto kinalia kule Muheza. Nikamweleza yote, kwa ufupi, nikiruka habari ya ndala. Akauliza, "Na ndala zako je?" Sijui alijuaje. Halafu akaweka simu kando bila kuikata, na nikasikia nyumba nzima ya ukweni inacheka, mpaka mzazi mwenyewe anaomba wamwache asije akaumia, na sauti ya mama mkwe, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na sita nimeongea naye kwa kutazama chini, ikiuliza kwa mbali, "Kasema kunguru?"

Nimekula mkate mkavu. Sufuria ninayo, ila ina ukoko wa juzi na hatuongei.

Jioni nimenunua sabuni nyingine. Mangi kasema ya unga ni nzuri zaidi kwa sisi wanaume, kunguru haibebi. Sikumuuliza habari zimemfikiaje, duka lake liko mitaa miwili kutoka kwetu. Nimechukua ya mche, kwa ubishi tu.

Na sasa ni saa tano usiku, nimejifungia chumbani na beseni dogo, taa ya simu, na soksi moja. Nimeanza nayo soksi kwa sababu ni ndogo, haina kola, haina historia. Nimefikicha. Shwa. Nimekaza kiganja. Nimenyoosha mgongo kama meza, ukanijibu kwa lugha yake. Nimefikicha tena, pale karibu na kifundo, kwa hasira ya siku nzima, na soksi ikasema nyii.

Nikasimama. Nikairudia. Nyii! Imelia! Miaka arobaini na mbili ya uhai wangu, nguo imelia mkononi mwangu, na chumbani hamna hata mende wa kushuhudia.

Nikafungua mlango taratibu, nikatoka uwani peku, giza, nikasogea chini ya dirisha la Bibi nikaifikicha pale mara tatu kwa nguvu zangu zote. Nyii, nyii, nyii. Bibi anakoroma. Nikaongeza mbili. Hakuna aliyeamka nyumba nzima.

Ila juu ya mwarobaini kitu kikajikung'uta mbawa, na nikakumbuka kipande cha sabuni nimekiacha dirishani.