Kabla ya Kuipandisha Seva ya Akiba, Hakikisha Ile Kuu Haifufuki

Ukikaa na mafundi wa kompyuta hapa Unguja mkazungumzia hifadhidata, swali hili halikawii kufika: seva kuu ikianguka, ni amri gani inayoipandisha seva ya akiba, ile inayonakili kila kinachoandikwa kwenye kuu, ishike nafasi yake? Kwa wanaotumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, jibu ni jepesi. Tangu toleo la 12, lililotoka 2019, unaingia kwenye seva ya akiba, unaita pg_promote, na punde ile iliyokuwa ikisomwa tu inaanza kupokea maandishi, yaani data mpya. Mstari mmoja, basi. Kazi haiko kwenye amri. Kazi iko kabla yake, kwenye swali tunalolipita mbio: ile kuu imekufa kweli? Na kama imekufa, nani ataizuia isifufuke?

Wazanzibari hatuhitaji kufundishwa hatari ya kutegemea njia moja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa kiza takriban mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa kama miezi mitatu, kwa sababu umeme wa gridi ulikuwa ukipita kwenye waya mmoja chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikuja 2013. Pemba ilipata wake kutoka Tanga mwaka 2010. Kwa hiyo mtu akiniambia ameweka seva kuu Mjini na ya akiba Chake Chake, namuunga mkono kwa moyo wote. Lakini baina ya seva hizo kuna bahari. Mawasiliano yakikatika, fundi aliyeko Chake Chake anachokiona ni kimya tu. Seva iliyoungua na seva iliyo nzima lakini haifikiki, ukiziangalia kutoka ng'ambo, hazina tofauti.

Chukua spitali yenye majengo visiwa vyote viwili. Faiba imekatika. Wa Pemba wameipandisha seva yao ili wagonjwa wasikwame mapokezi, na wa Unguja wanaendelea kuandika kwenye ile ya zamani, ambayo kumbe haikuwa na lolote. Sasa zipo seva kuu mbili, kila moja inajiona ndiyo yenyewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na mrama huo utauona kwenye nambari za kadi za wagonjwa. PostgreSQL, inapotoa nambari za mfuatano, huandika mapema kwamba nambari 32 za mbele zimeshatumika, kwa hiyo seva ya akiba ikipandishwa inaweza kuruka nyingi kwa mpigo. Tuseme kadi ya mwisho ilikuwa 5004, na Pemba wanaanza na 5030. Mhasibu atauliza za katikati ziko wapi, na mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Lakini Unguja nako kadi zinatoka: 5005, 5006, na kabla ya adhuhuri wameshafika 5030. Bibi wa Mkoani na kijana wa Jang'ombe wamepewa nambari moja. Siku data zikikutanishwa, itabidi mtu akae na madaftari ya mapokezi aamue dawa hizi ni za nani.

Wakubwa nao yamewafika. Tarehe 21 Oktoba 2018 mtandao wa ndani wa GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani, ulikatika kwa sekunde 43. Programu yao ikazipandisha yenyewe seva za MySQL, hifadhidata ya aina nyengine, za pwani ya magharibi. Mashariki kulikuwa na maandishi ambayo hayajavuka, magharibi yakaanza kuandikwa mengine. Sekunde 43 zikazaa saa 24 na dakika 11 za huduma kuyumba.

Ndiyo maana siungi mkono kuiachia mashine iamue pale penye seva mbili tu. Mashine mbili zikikosana hakuna wa kuzipatanisha. Ukitaka ijipandishe yenyewe, weka shahidi wa tatu mahali pengine, Dar es Salaam kwa mfano, ili anayebaki peke yake ajue yuko peke yake na aache kuandika. Programu ya Patroni, inayosimamia upandishaji, pamoja na etcd, inayotunza kura za mashahidi, hufanya kazi hiyo vizuri. Kama bajeti haifiki huko, aamue binadamu, jina lake liandikwe mapema, na la pili wake pia, maana seva haichagui siku ya kuanguka na inaweza kuwa asubuhi ya Idi.

Huyo atakayeamua apige simu kwanza. Aliyeko kwenye chumba cha seva aichomoe waya wa umeme, kwa mkono wake. Nasisitiza hili kwa sababu ya umeme wetu: ukikatika seva inazimika, ukirudi inajiwasha, PostgreSQL inaamka nayo, na kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba imeshaondolewa cheo, inaendelea kupokea maandishi kama mkuu. Dawa yake ni kuzuia PostgreSQL isianze yenyewe kompyuta inapowaka. Kwenye Linux ni amri moja ya systemctl, chombo cha kuwasha na kuzima huduma za kompyuta. Ningependa kila seva kuu visiwani iwekwe hivyo leo hii.

Wakubwa wa ofisi nao waambiwe ukweli kuhusu kitakachopotea. PostgreSQL kwa kawaida haisubiri seva ya akiba ijibu, kwa hiyo maandishi ya mwisho yanaweza kubaki kwenye mashine iliyokufa. Unaweza kuilazimisha isubiri, lakini ikiwa seva ya akiba ni hiyo moja tu ya Pemba, siku faiba ikikatika hata Unguja hawataweza kuhifadhi kitu. Kwa spitali nachagua isisubiri, na mapokezi waweke daftari la karatasi. Benki ina haki ya kuchagua vyengine.

Mashine ya zamani ikipona, isirudishwe kazini ilivyo. Nakili kwanza folda yake nzima kwenye diski nyengine, kwa sababu mna maandishi yasiyopatikana popote. Kisha pg_rewind, kifaa cha PostgreSQL, itairudisha nyuma hadi pale zilipoachana, ianze kuifuata seva kuu mpya. Kifaa hicho hukataa kufanya kazi kama hukuwasha mapema mpangilio uitwao wal_log_hints au ukaguzi wa kurasa za data, na jambo hilo huonekana siku ya mazoezi, kwa wenye kufanya mazoezi. Msimu wa masika, watalii wachache na ofisi nyingi zikiwa na nafasi, ni wakati mzuri wa kuyapanga.