Marashi Kwenye Kahawa

Shilingi 14,000. Niliisoma ile risiti nikaigeuza nyuma, nikidhani wamenijumlishia na kiti nilichokalia. Kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa! Nusu yake povu, na juu ya povu wamedondosha vijani vya waridi lililokauka, vile ambavyo ukivikuta sebuleni unamwita mtoto aje na ufagio. Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia ni nini hasa nimelipia. Akatabasamu: "Ni latte ya waridi, mzee wangu." Basi mzee wake akalipa, akasahau hata kudai chenji.

Balaa ni kwamba Mama Nasra aliipenda. Na Mama Nasra si mtu wa kupenda vitu. Nyumba tuliyopanga hakuipenda, harusi ya mdogo wangu hakuipenda, na kuhusu mimi sijawahi kuuliza. Lakini kikombe kile alikinywa amefumba macho na kidole kidogo amekisimamisha. Nikajua nimekwisha. Mwenye mfuko wake angesema tutarudi Jumapili ijayo. Mimi mwenye ada, na kodi ya miezi sita inayodaiwa yote kwa mpigo, nikakohoa kidogo, nikakaza sauti ya mwenye nyumba: "Hii tutaipika wenyewe."

Nasra, aliyeko likizo ya chuo na kwa hiyo anajua kila kitu, akafungua simu. Simu ikasema mashine kwanza. Bei ya hiyo mashine unanunua pikipiki iliyotumika, na kofia zake mbili unapewa. Nikakataa. Yule mzee wa kahawa pale barazani ana nini? Ana dele, ana mkaa, ana vikombe visivyozidi kidole gumba, na kahawa yake inamwamsha hata mwenye usingizi wa pono. Tena kwa sarafu, na kashata unapata.

Simu ikasema lavenda. Lavenda sisi tunaijua kwenye dawa ya kupigia deki. Nikakataa. Basi Nasra akainuka kuelekea kwenye shada la mahafali ya binti wa jirani, ameshaanza kuyanyonyoa mawaridi ya watu. Hapo nilipiga kelele ya kweli. Mawaridi ya mashada yanalimwa kwa kuuzwa, mengi yanatoka mashamba ya Arusha huko, na yanapigwa dawa ili wadudu wasiyaguse. Kama mdudu haruhusiwi, mimi ninayaweka kwenye kikombe kwa kiburi gani?

"Basi nenda Kariakoo ukalete maji ya waridi," akasema Mama Nasra kutoka chumbani. Mazungumzo yote hayo alikuwa kimya, anasubiri yafike hapo.

Habari ya daladala siwaelezi. Nilipanda na vifungo vyote, nikashuka na pungufu.

Duka lenyewe ni moja ya yale ya zamani: udi, ubani, hina, halua, magunia ya viungo yamefunguliwa midomo, na juu kabisa kwenye rafu vitambaa vyeupe vimekunjwa vizuri. Mwenye duka ni mzee wa Kipemba, kanzu haina hata kunyanzi, miwani imekaa nchani mwa pua. Nje ya mlango kuna benchi, na juu ya benchi wazee wenzake na vikombe vyao vya kahawa. Kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu naye alikuwa pale, anasubiri mzigo wa mtu. Huyo mkumbukeni.

"Asalaam alaykum, ami."

"Waalaykum salaam, sheikh. Karibu."

"Naomba maji ya waridi."

Mzee akanitazama vizuri. Shati limekosa vifungo, jasho linatiririka, macho yamewiva kwa vumbi. Akashusha sauti.

"Pole sana."

"Nishapoa," nikasema, nikidhani ananipa pole ya jua.

"Chupa ngapi?"

"Moja inatosha, ami. Ni ya mambo ya kahawa."

"Eee. Kahawa lazima iwepo. Ni nani kwako?"

"Ni kwa ajili ya mke wangu."

Mzee akavua miwani. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Benchi zima likaitikia. Nikadhani kuna mtu amepita na habari za nchi, nikaitikia na mimi kwa adabu.

"Lini?" akauliza.

"Leo hii hii. Nikifika tu."

"Vyema. Mambo haya hayacheleweshwi. Baada ya alasiri?"

"Baada ya alasiri, naam. Akishaoga."

"Akishaoshwa," akanirekebisha kwa upole, akapanda kigoda.

Akateremka na zile nguo nyeupe. Akaanza kupima kwa dhiraa, anahesabu chini chini, ananieleza kwamba mwanamke ni vipande vitano na mwanamume vitatu. Mimi akili yote ilikuwa kwenye jikoni langu. Nikaona kitambaa kizuri, chepesi, cheupe, nikasema:

"Ami, hicho ni kingi mno. Mimi nataka kipande kidogo tu, cha kuchujia."

Benchi halikupumua. Mzee mmoja akasimama, akaja kunishika bega. "Kaa chini, mwanangu. Kaa. Majonzi haya yanachanganya mtu." Nikakalishwa. Nikapewa kahawa. Kahawa ya bure Kariakoo! Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nani anashtuka mbele ya kitu cha bure?

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana, mzima kabisa. Ila Jumapili alikunywa kitu kule mjini, tangu hapo si yule ninayemjua."

"Alikunywa nini?"

"Kahawa imetiwa maua."

Wazee wakatazamana. "Binadamu wabaya," akasema mmoja. "Nani alimpa?"

"Nilimnunulia mimi."

Hapo kidogo walisogea. Lakini imani ni imani. Kofia ya viua ikavuliwa kichwani, ikapita mkono kwa mkono, nikaona noti zinaingia na sarafu zinalia. Kijana wa bodaboda akatia buku, akapiga pikipiki yake kiki akaondoka mbio, na mzigo wa watu akauacha pale pale. Nikawa najiuliza, hawa wazee wanachangishana nini? Nikaingiza mkono mfukoni nichangie na mimi.

Simu ikaita.

Simu yangu spika ya sikioni ilikufa zamani, kila anayenipigia anahutubia mkutano. Nikapokea.

"BABA NASRA! Usisahau iliki! Na usininunulie chupa ya bei rahisi, nakujua!"

Mzee aliyenishika bega akaondoa mkono. Mwingine akahama benchi kabisa.

"Ni nani huyo?" akauliza mwenye duka.

"Si ndiye mke wangu huyo."

Mzee akakunja sanda yake polepole, kunjo kwa kunjo, akairudisha kwenye rafu. Akageuka. "Marehemu anataka iliki," akasema. "Ya kuponda au nzima?"

Jamani, nilieleza. Nilieleza kwa mikono, nilieleza kwa risiti ambayo bado ilikuwa mfukoni. Na hasira za yule mzee hazikuwa za msiba hata kidogo! Msiba alinisamehe papo hapo. Kilichomuuma ni kahawa. "Waridi kwenye biriani, sawa. Kwenye faluda, sawa. Kwenye maulidi tunanyunyiziana kwa mrashi, sawa. Kwenye kahawa? Kahawa ina kosa gani?" Benchi likamuunga mkono. Nikiwa mfiwa walinipa kiti. Nikiwa mnywaji wa latte nilisimamishwa na kusomewa mashitaka.

Ila biashara haikatai mteja. Akatoa chupa tatu. Hii ni marashi ya kujipaka, ukiinywa utarudi hapa kwa lile jambo la kwanza. Hii ni maji yaliyotiwa harufu ya dukani, ya kunyunyizia watu. Na hii, akaishika kwa mikono miwili, ndiyo ya kula: waridi la Oman, la Jabal Akhdar, kule milimani ambako wanachuma kuanzia Machi mpaka Mei, asubuhi na mapema kabla jua halijaiba harufu, halafu wanalichemsha na kuunasa mvuke wake. Bei alipoitaja nilitamani ule msiba uendelee. Zile fedha za kwenye kofia kila mtu alichukua chake, hata yule wa shilingi mia mbili alisimama akaitafuta mia mbili yake yenyewe.

Nyumbani gesi ikaisha. Siku gani gesi inaisha wakati hakuna kitu jikoni? Tukawasha mkaa. Shira haina ugomvi: sukari kikombe, maji kikombe, koroga mpaka sukari iyeyuke, epua, ipoe kidogo, ndipo utie kijiko cha waridi. Ukilitia shira ikiwa inatokota, harufu yote inapaa na mvuke, jirani ananusa na wewe unabaki na maji ya sukari. Kahawa nilitia ya Kagera, robusta, nyeusi tii, nikaipika nzito ya kusimamisha kijiko. Nasra alitaka arabika ya Kilimanjaro kwa sababu simu ilisema ni laini. Nikamwambia ulaini tutaupata kwenye maziwa.

Maziwa ndiyo yalinitoa jasho. Simu inasema yafike nyuzi 60, yasizidi 65, ukiyaacha yachemke yananuka uji na povu halisimami. Kipimajoto chetu ni cha homa, kinaishia 42. Tukawa tunachungulia viputo vya pembeni mwa sufuria. Kisha povu. Nasra akayamimina ya moto kwenye chupa ya siagi ya karanga, akafunga, akatikisa. Sasa kitu cha moto ukikifungia na kukitikisa, hewa inatafuta pa kutokea. Kifuniko kiligonga dari, maziwa yakaandika ukutani, na mwenye nyumba ndiye huyo huyo aliyetuambia rangi ni mpya. Mama Nasra akatutazama wote wawili, akaenda kuchukua kipekecho chake cha mlenda, akapekecha maziwa kwenye sufuria kwa viganja viwili. Povu likaja zito, limetulia, la kuchota kwa kijiko. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Tukamimina. Shira chini, kahawa, maziwa, povu juu. Akainua kikombe, akafumba macho, kidole kikasimama. Mimi na Nasra hatupumui.

"Nzuri," akasema. "Inashinda ile."

Alhamdulillahi.

"Ila kule kulikuwa na kiyoyozi."

Jamani. Kumbe alichokuwa ananywa kwa macho ya kufumba ni baridi! Mwezi huu wa pili, Dar hii, bati hili lisilo na dari kwenye vyumba vya nyuma, feni inayozungusha joto lile lile kutoka kona hii kulipeleka kona ile, na uniti za umeme nazinunua kidogo kidogo kama chumvi ya kupimiwa. Mimi nimevuliwa vifungo, nimefiwa, nimefufuliwa mke, nimenunua maji ya milimani Oman, kumbe ningempeleka benki akakae foleni! Benki zote zina kiyoyozi, na kiti bure.

Kulala hakukuwepo. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, hilo simu ililitaja saa saba usiku nilipoiuliza mwenyewe. Nikamsikia mbu, nikamsikia mbwa wa pili kushoto, nikasikia baa ikifunga na baa nyingine ikifungua. Nasra naye alikuwa macho, anacheka na simu. Aliyelala ni Mama Nasra peke yake.

Na yule kijana wa bodaboda? Si nilisema mumkumbuke. Habari ya msiba alikuwa ameifikisha kabla mimi sijapata daladala ya kurudi. Nilikuta viti vya plastiki vimeshatoka nje, na akina mama wa mtaa wamefunga khanga viunoni, Mama Nasra mwenyewe anawakaribisha na kuwauliza amekufa nani. Waliondoka wakinuna kidogo. Mmoja alikuwa ameshaacha biashara yake ya vitumbua.

Aliyebaki ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Alikuja na daftari. Akafurahi kumkuta marehemu mzima, akampa mkono, halafu akasema kwa kuwa daftari limeshafunguliwa, basi. Akalamba kidole, akafunua ukurasa. Nadaiwa michango tangu kabla ya mfungo uliopita, na faini juu. Alikunywa latte yangu mpaka shira ya chini, akalamba kijiko, akanipa mpaka Ijumaa.

Michango nitalipa. Faini silipi. Wanatutoza faini ya nini? Yale masufuria makubwa ya chama yako kwa mwenyekiti, kila wikendi anapikia pilau za kukodishwa, na turubai hajalishona mpaka leo. Msiba wa mwisho mvua ilinyesha, tundu likawa juu yangu. Nikahama kiti kwa heshima zote za msibani, nikaenda kukaa chini ya tundu la pili.