Vikabichi vya Uingereza na mboga ya kulia ugali

Krismasi yangu ya kwanza Uingereza nilialikwa chakula cha mchana na bibi jirani, mtu mzima aliyeona naishi peke yangu akanihurumia. Meza ilipendeza: bata mzinga, viazi vya kuoka, mchuzi mzito wa kahawia, na bakuli la vitu vya mviringo vya kijani kilichofifia kama sare ya mgambo iliyofuliwa miaka kumi. Nikapakuliwa vitano. Nikatia kimoja mdomoni. Kilikuwa kimelewa maji, kinanuka yai viza, na uchungu wake ulinikaa kooni hadi pudini ilipoletwa. Nikasema asante, ni vitamu sana. Adabu ni adabu. Basi akaniongeza vitatu.

Ndivyo nilivyokutana na kabichi za Brussels. Mimi huziita vikabichi tu. Jioni ile nilimpigia mama simu, baada ya shikamoo na marahaba nikamtumia picha ya vile vibichi nilivyoviona jikoni kwa bibi.

"Hizo si kabichi, mwanangu?"

"Ni kabichi, mama."

"Sasa mbona wamezichuma changa hivyo? Si wangesubiri zikue?"

Nilijitahidi kumweleza kwamba hiyo ndiyo saizi yake. Hadi leo nadhani anaamini Wazungu hawana subira.

Mama hakukosea sana, lakini. Vikabichi, kabichi kubwa, sukuma wiki, brokoli na koliflawa vyote ni mmea mmoja, Brassica oleracea, uliochaguliwa na wakulima kwa karne nyingi kila mmoja akitaka chake. Waliotaka majani walipata sukuma wiki. Waliotaka kichwa cha juu walipata kabichi. Waliotaka ua walipata koliflawa. Watu wa upande wa Brussels wakavutiwa na vichipukizi vinavyotoka pale jani linapoungana na shina. Ukiliona shambani utacheka: shina nene kama fimbo ya mzee, karibu mita moja kwenda juu, limezungukwa na vichwa vidogo kuanzia chini hadi kileleni. Hapa Uingereza mkoa wa Lincolnshire unasifika kwa kilimo chake, na Desemba masoko huviuza vikiwa bado kwenye shina. Ni zao la baridi. Jalidi ikiupiga mmea, wanga wake hugeuka sukari, ndiyo maana vya katikati ya baridi ni vitamu kuliko vya mwanzo wa msimu.

Nimekaa huku miaka tisa na nimefikia kuamini kwamba ubaya wa vikabichi hautokani na mmea. Unatokana na mahali vinapowekwa kwenye sahani.

Kwetu Tanzania ukiuliza "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa dagaa, maharage, nyama ya ng'ombe, au mchicha. Mboga ni kile kinachoteremsha ugali. Ugali wenyewe hauna ladha ya kukubeba. Deni lote liko kwa mboga, na mpishi akiharibu mboga ameharibu chakula, hakuna pa kujificha. Ndiyo maana hata matembele ya bure yaliyochumwa nyuma ya nyumba yanapewa heshima: kitunguu kinakaangwa hadi kinukie, nyanya inaiva hadi mafuta yanajitenga, chumvi inaonjwa kwenye kiganja, na siku ya neema linaingia tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Kisamvu ndiyo usiseme, mtu anashika mchi hadi mkono unauma kwa ajili ya majani.

Huku nyama ndiye bwana harusi. Mboga za majani ni mpambe: asimame pembeni, asipendeze kuliko mwenye shughuli. Mpishi anahangaika na bata mzinga tangu alfajiri, na vikabichi vinatupwa kwenye maji yanayochemka vikae huko hadi mtu avikumbuke. Wao wenyewe wana utani kwamba ukitaka viwe tayari Krismasi, viinjike Novemba.

Nisije nikaonekana najisifia upande. Waliosoma bweni wanaijua kabichi ya shule, ile ambayo maji na kabichi vinatazamana kwenye sahani kama wageni wasiofahamiana. Ilipikwa na watu wetu, kwa mikono yetu. Na hata majumbani wapo wanaopika sukuma wiki hadi inakuwa nyeusi, halafu wanakuambia imeiva. Kwa hiyo kuchemsha majani hadi kufa hakuna uraia.

Uchungu nao una sababu. Ukoo huu wote una viambato vyenye salfa ambavyo mmea hujilindia dhidi ya wadudu, na vikabichi vimejaliwa zaidi. Ukivipika muda mrefu viambato hivyo vinavunjika, na hapo ndipo inapotoka ile harufu ya yai viza. Miaka ya 1990, huko Uholanzi, mtafiti Hans van Doorn na wenzake walibaini viambato vinavyoleta uchungu, viwili vikiwa ni sinigrini na progoitrini, na wazalishaji wa mbegu wakaanza kurudi kwenye aina za zamani zisizo chungu wakizichanganya na aina za kisasa zinazozaa sana. Vikabichi vya sasa si vile vilivyowatesa wazee utotoni. Ila kuna watu wenye aina fulani ya jeni ya TAS2R38 inayowafanya wausikie uchungu wa aina hii kwa nguvu kuliko wengine. Mtoto wako akikataa, pengine hana ukaidi. Ulimi wake ni tofauti na wako.

Mimi napika hivi. Nachagua vidogo vilivyobana, kwani vikubwa vilivyofunguka vimezeeka. Nakata kitako kidogo, natoa majani ya nje yaliyochoka, nagawa kila kimoja katikati. Waingereza wengi huchanja msalaba kwenye kitako ati viive sawasawa. Kwenye maji huo msalaba ni mlango wa kuingizia maji tu, achana nao. Nikishaviosha navikausha kwa kitambaa, kweli kweli, maana maji ndiyo adui namba moja. Oveni inawaka nyuzi 200 na trei tupu imo ndani inapata moto. Vikabichi navipaka mafuta na chumvi kwenye bakuli, kisha navilaza kwenye trei uso uliokatwa ukiangalia chini. Unatakiwa usikie chwaaa. Usipousikia, trei haikuwa moto.

Halafu naondoka. Hapa ndipo wengi wanaponishinda kwa kiherehere: wanafungua, wanageuza, wanakoroga kama pilau. Viache. Vikae kwa nafasi, visirundikane, maana vikirundikana vinapikana kwa mvuke na umerudi kwa bibi jirani. Baada ya dakika 20 hadi 25 ule uso wa chini umekuwa kahawia ya kushiba, mtamu kama ukingo wa ndizi ya kuchoma, na majani yaliyojitenga yameungua kidogo na kuwa kama krispi. Hayo ni haki ya mpishi, usimgawie mtu. Dakika chache za mwisho naongeza kitunguu saumu kilichopondwa na bizari nyembamba; ukiviweka mapema vitaungua na kuleta uchungu mwingine. Vikitoka, ndimu nzima inakamuliwa juu na pilipili inafuata. Ndimu ndiyo inayomaliza ugomvi, uchungu uliobaki unageuka kuwa kitu unachokitafuta.

Siku ya haraka sitaki oveni. Navikatakata vyembamba kama sukuma wiki, nakaanga kitunguu na bizari, navitia kwenye moto mkali dakika tano, kisha tui zito kidogo, chumvi, basi. Hiyo nakula na ugali na sioni nimepungukiwa na nini. Na Waingereza wanaojua kupika, wapo, tuwe wakweli, huvikaanga na bekoni na chestnut, kokwa za mti wa huku, zilizovunjwavunjwa, na ukikaribishwa kwao usijivunge.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Sisi tulio huku tuna ugonjwa. Tunapanda basi mbili kwenda kutafuta bamia iliyopanda ndege, imenyong'onyea, mlenda wake umekauka, tunailipia kama kito, tunaipika kwa machozi na kusema walau ladha ya nyumbani. Njiani tumepita marundo ya vikabichi vilivyovunwa wiki hiyo hiyo, vibichi, rahisi, tumevitazama kwa dharau: chakula cha Wazungu, hakina ladha. Ladha gani? Mchicha nao ungekuwa na ladha gani bila kitunguu cha mama? Ladha ya nyumbani tunayoililia ilikuwa mkononi kwa mpishi, na ule mkono tumekuja nao. Nawaelewa wanaonunua bamia siku ya kumbukumbu au siku ya huzuni, mimi pia nanunua. Kila wiki, hapana.

Kwa mwili pia ni vyema. Gramu 100 za vikabichi vibichi zina takriban miligramu 85 za vitamini C, kuliko chungwa. Mwenye kutumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kwanza, kwani vina vitamini K nyingi inayopingana na dawa hiyo. Tumbo litalalamika kidogo, hilo halina tiba.

Krismasi iliyofuata nilivuka uzio na trei yangu ikiwa ingali moto. Bibi akachukua kimoja kwa uma, akakitazama uso ulioungua, akauliza kama nimekiunguza kwa bahati mbaya. Akala. Akanyamaza. Akachukua cha pili, cha tatu, kisha akaniuliza niliweka nini, nikamwambia bizari, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Karatasi ile bado imebandikwa kwenye friji yake.

Siku hizi kila Desemba trei ni kazi yangu. Lakini bakuli la vile vya kuchemsha nalo linaletwa mezani kama kawaida, kwa sababu mama yake alipika hivyo, na kwake Krismasi bila bakuli lile si Krismasi. Ananipakulia vitano. Navila vyote.